Habari za Betri Inayoisha Usiku

Fani ya kutafuta sababu ya betri kuisha usiku haina umri wa fani ya uhunzi wala ya kuunda majahazi, lakini imekwisha kutimiza miaka 100 na ushei, na katika muda huo imepita mikononi mwa mafundi wa kila namna, wenye elimu ya vitabu na wasio nayo, ambao wote wameulizwa swali moja na watu waliokereka: kwa nini gari lililozimwa jana jioni likiwa zima, asubuhi hii haliwaki? Siku hizi aghalabu jibu ni la haraka, nalo ni kununua betri mpya. Mimi naona jibu hilo lina upungufu mkubwa, na habari za fani hii zikisimuliwa kwa utaratibu wake zatosha kuwa ithibati. Kwani mafundi wa zamani, ambao betri zao zilikuwa dhaifu kuliko zetu na vipimo vyao vichache kuliko vyetu, walikuwa na desturi njema ya kutoilaumu betri kabla ya kujua umeme wake umekwenda wapi.

Betri yenyewe ni ya kale kuliko gari. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859 kwa kukunja pamoja karatasi mbili za risasi, zikiwa zimetengwa zisigusane, na kuzitumbukiza katika maji yaliyochanganywa na tindikali ya salfa. Akaona kwamba zikipitishiwa umeme huuhifadhi, na zikiunganishwa kwa waya huurudisha. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, akazidisha hikima hiyo kwa kupaka mabamba ujiuji wa oksidi ya risasi, na hapo betri ikaweza kutengenezwa kwa wingi na kubeba umeme mwingi. Msingi huo haujabadilika, na betri iliyo chini ya boneti ya teksi ya Dar es Salaam leo ni ya risasi ile ile na tindikali ile ile. Lakini ilizaliwa na nakisi yake, maana betri ya risasi hupoteza umeme wake yenyewe, polepole, hata kama haikufungwa kwenye kitu chochote, na kadiri joto linavyopanda ndivyo upotevu unavyozidi. Jambo hilo lililokuwa dogo kwa mtu wa Paris si dogo kwa mtu wa Tanga au Mombasa, ambaye gari lake hulala katika hari na chumvi ya bahari mwaka mzima.

Magari ya kwanza hayakuwa na cha kupoteza usiku. Taa zake zilikuwa za mafuta, au za gesi itokayo katika mawe ya kabidi yanapodondokewa na maji. Cheche ya kuwashia petroli, hususa baada ya kampuni ya Bosch ya Ujerumani kuikamilisha magneto yake mwaka 1902, ilizalishwa na mzunguko wa injini yenyewe. Na injini iliamshwa kwa nguvu za mkono, kwa hendeli iliyochomekwa mbele ya gari. Hendeli ilikuwa chombo cha hatari, kwa kuwa cheche ikitangulia wakati wake injini hurudi nyuma kwa ghafla pamoja na mkono uliokishika chuma, na mifupa mingi ilivunjika kwa njia hiyo. Ndipo Charles Kettering wa Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametia mota ya umeme katika mashine za kuhesabia fedha za madukani, alipotambua kwamba mota ndogo yaweza kubebeshwa kazi iliyoizidi kimo, maadamu kazi yenyewe ni ya nukta chache tu. Na kwa hoja hiyo akaunda stata iliyowekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Ford naye akaanza kuitia katika Model T, gari la watu wengi, mwaka 1919. Tangu hapo betri ikawa sharti la safari, na mwenye gari akapata starehe ambayo hakuwa nayo, pamoja na wasiwasi ambao hakuwa nao.

Ili betri irudishiwe kile ilichotoa, injini ilipewa dainamo, na baina ya dainamo na betri kikawekwa kijisanduku ambacho mafundi wetu walikiita katauti. Kazi yake ilikuwa ya ulinzi: injini ikizunguka kwa kasi na dainamo ikapata volti nyingi kuliko betri, sumaku ya katauti huvuta ulimi wa chuma, ncha mbili hugusana, na umeme huingia katika betri, injini ikipungua kasi au ikizimwa, ulimi huachia, njia ikafungwa, umeme usirudi ulikotoka. Ncha hizo, kwa kugusana na kuachana kila siku na kutoa cheche, ziliungua, na mara nyingine zikayeyuka na kugandana. Zikisha kugandana mlango hubaki wazi usiku kucha, umeme wa betri humwagika ndani ya dainamo, nayo hutaka kuzunguka kama mota lakini mkanda huizuia, hivyo huishia kupata moto bure, na kabla ya alfajiri betri huwa tupu. Huyo ndiye aliyekuwa mwizi wa kwanza wa usiku, na kwa miaka mingi fundi aliyeitwa kwenye gari lisilowaka alianza kwa kufungua kifuniko cha katauti na kuzitazama ncha zake.

Magari yaliyoshuka katika bandari za Mombasa, Dar es Salaam na Unguja zama za utawala wa Waingereza mengi yalikuwa ya Kiingereza, na umeme wake aghalabu ulikuwa wa Lucas wa Birmingham. Kazi ya kuyatengeneza iliwaangukia kwanza Wahindi, hususa Masingasinga, kisha ikawafikia vijana wa Kiafrika waliojifunza kwao kwa kuwashikia taa na kuwapokeza spana, mpaka nao wakawa mafundi wakamilifu. Elimu hiyo ilipokewa kwa macho na mikono. Fundi alijua kuwa katika Land Rover au Morris ya wakati huo nguzo ya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, ilhali katika Volkswagen na Peugeot ni ya hasi, na kwamba Volkswagen ilitumia volti 6 hata wengine walipokwisha kuhamia volti 12. Na aliyesahau hitilafu hizo alilipa gharama yake. Land Rover, iliyoanza kuundwa mwaka 1948, iliendelea kuja na tundu la hendeli kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo betri iliyoisha porini haikuwa msiba.

Lakini nataka nikae kidogo kwenye betri ya zama hizo, kwa sababu ilikuwa kitu cha kufunguliwa na kusomwa. Sanduku lake lilikuwa la mpira mgumu mweusi, vyumba vitatu kwa betri ya volti 6 na sita kwa ya volti 12, kila chumba kikitoa volti 2; juu yake palimwagwa lami kuziba, na juu ya lami palionekana vipande vinene vya risasi vilivyounganisha chumba na chumba. Fundi aliweza kuchomeka uma wa kipimo kwenye kipande kimoja na kingine akapima chumba kimoja peke yake; na chumba kilichokufa aliweza kukikatia risasi yake, akapasha lami moto, akang'oa mabamba na kuweka mengine, ikawa betri nzima haikutupwa kwa makosa ya sehemu yake moja. Fauka ya hayo alikuwa na haidromita, bomba la kioo lenye kibofu cha mpira juu na boya dogo ndani, ambalo huvuta tindikali kutoka chumbani na kuonyesha uzito wake. Betri iliyojaa husoma karibu 1.27, na iliyoisha kabisa hushuka mpaka karibu 1.12, ingawa katika nchi za joto viwanda viliagiza tindikali hafifu kidogo ili mabamba yadumu.

Hikima ya haidromita ilikuwa katika kulinganisha. Vyumba vyote sita vikisoma chini kwa kiasi kimoja, basi betri ni nzima, na umeme wake ama unavuja au haurudishwi inavyopasa. Vyumba vitano vikisoma juu na kimoja kikawa chini, basi chumba hicho ndicho kigonjwa, wala hapana haja ya kupapasa nyaya. Kwa dakika tano, na kwa chombo cha bei ndogo, fundi aliweza kuitenga ya kwanza na mbili zilizobaki katika sababu tatu ambazo mpaka leo ndizo zote zilizopo: betri isiyoweza kutunza, betri isiyolishwa, na betri inayoibiwa. Na kabla ya hayo yote alitazama uso wa betri. Tindikali inayorushwa na mapovu wakati wa kuchaji, ikichanganyika na vumbi na unyevu wa pwani, hufanya utando mwembamba juu ya betri baina ya nguzo na nguzo, na utando huo hupitisha umeme. Dawa yake ilikuwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya moto, magadi yale yale ya Ziwa Magadi na maziwa mengine ya Bonde la Ufa, ambayo yakikutana na tindikali hutokota na kuiua; fundi akahadhari tu lisiingie tone katika vyumba. Wako waliopona kasoro ya usiku kwa dawa hiyo peke yake.

Ikithibiti kwamba betri inaibiwa, fundi alichukua taa. Ni balbu ya kawaida ya gari, pengine ya taa ndogo, iliyofungiwa nyaya mbili fupi, na njia ya kuitumia imepokezanwa kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi bila kubadilika kwa vizazi kadhaa. Kila kitu huzimwa, funguo hutolewa, mlango hufungwa, au ukiwa wazi swichi yake hukandamizwa kwa kijiti, kwa sababu taa ya ndani ikiwaka itampotosha mpimaji. Kisha terminali moja hulegezwa na kuinuliwa, na balbu huwekwa baina ya nguzo ya betri na terminali iliyoinuliwa, hata umeme wote uendao garini uwe hauna njia ila kupitia kwenye balbu hiyo. Ikikaa giza, hapana uvujaji wa maana; ikiwaka kwa uhafifu, uvujaji upo; ikiwaka kwa nguvu zote, kuna kitu kikubwa kilichoachwa wazi. Hapo fyuzi hung'olewa moja moja, na balbu inapozimika ndipo njia ya mwizi ijulikanapo. Katika magari mengi ya Kiingereza fyuzi zilikuwa mbili tu, na nyaya nyingine hazikuwa na fyuzi kabisa, basi fundi alilazimika kufungua waya baada ya waya kwenye swichi zake, kazi ya subira kubwa. Magari yenye saa ya kujijaza kwa umeme yalikuwa na mtego wake: balbu ilikaa giza, ikamweka mara moja, ikarudi gizani, na mwanafunzi akahangaika kutafuta shoti ambayo haipo, mpaka mkubwa wake amwonyeshe saa kwenye dashibodi.

Yafaa hapa kufanya hesabu, kwa sababu wengi hudhani kijitaa chochote kilichosahauliwa chaweza kuua betri kwa usiku mmoja. Betri ya gari dogo hubeba kiasi cha ampea-saa 60, na ikipoteza nusu yake, yaani 30, stata huanza kushindwa. Ili 30 zitoke katika saa 12 za usiku sharti uvujaji uwe wa ampea 2 na nusu, ambao ni sawa na kuacha taa zote ndogo zikiwaka, za mbele, za nyuma na za kibao cha namba. Taa ya buti ya wati 5, ambayo huwaka gizani swichi yake ikikwama bila mtu kuiona, hula ampea 0.4 tu, na yahitaji takribani siku tatu mchana na usiku kufanya madhara hayo. Basi gari lililozimwa jioni na kushindwa asubuhi hulieleza jambo lake dhahiri: ama limeacha wazi kitu chenye nguvu ya taa zote ndogo, ama betri yake imepungua kiasi kwamba hata upotevu mdogo haiuvumilii. Fundi asiyeifanya hesabu hii atakamata taa ya buti, ashangilie, na mteja atarudi wiki ijayo.

Katika miaka ya 1960 dainamo ilianza kuipisha altaneta. Chrysler ya Marekani ilitangulia katika gari lake la Valiant la mwaka 1960, wengine wakafuata, na katauti ikatoweka, kwa kuwa dayodi zilizomo ndani ya altaneta hupitisha umeme upande mmoja tu, hazina ulimi wala ncha za kuungua. Watu walidhani mwizi wa usiku amekwisha. Kumbe dayodi nayo hufa, na ikifa huacha mlango wazi kama katauti iliyogandana, na huenda altaneta ikaendelea kuchaji mchana kwa kiasi cha kumridhisha mwenye gari, huku usiku ikiutoa umeme ulioingia. Mafundi wa huku walipata njia ya kuikamata isiyohitaji kipimo. Nimemwona mzee mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, akiletewa gari lililovutwa kwa kamba asubuhi, injini yake baridi ya kulala. Hakushika spana, alifungua boneti na kuweka kiganja juu ya altaneta, akakitoa, akakiweka juu ya injini, akakirudisha kwenye altaneta. Altaneta ilikuwa na uvuguvugu. Chuma kisichofanya kazi tangu jana hakiwezi kuwa na joto ila pawe na umeme unaopita ndani yake, na kwa hoja hiyo tu aliifungua na kuikuta dayodi iliyokufa. Baadaye aliniambia, "Mwanangu, rilei pia huzishika hivyo hivyo, moja moja, iliyo ya moto ndiyo iliyokesha."

Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika katika bandari zetu, fani ilipata mlima mpya. Gari moja likawa na fyuzi kwa makumi na tarakilishi ndogo kadhaa, ambazo hata gari likizimwa hubaki zikikumbuka saa, redio na hali ya injini, na zote pamoja hazipaswi kula zaidi ya ampea 0.05. Lakini kwa maoni yangu si kazi ya Wajapani iliyoziua betri zetu nyingi, bali vile tulivyoongeza wenyewe: alamu iliyofungwa kwa kuchubua waya na kuzungushia utepe, redio kubwa iliyochukua umeme moja kwa moja kutoka betrini bila kupitia swichi, kifaa cha kufuatilia gari, na katika matatu za Kenya vikuza sauti ambavyo rilei yake hubaki imefunga usiku kucha. Hewa ya pwani huingia katika maungio hayo yasiyozibwa, shaba ikageuka kijani, na umeme ukapata njia ambayo hakuna mchoro wa kiwanda uliokuwa nayo. Kwenye barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, wapo mafundi ambao kazi yao yaanzia hapo: kung'oa yaliyoongezwa kabla ya kugusa ya asili.

Wakati huo huo betri yenyewe ilikuwa inafungwa. Tangu miaka ya 1970 viwanda vilianza kuuza betri zisizohitaji kuongezwa maji, zenye vifuniko vya moja kwa moja, nazo ni bora kwa mambo mengi: hupoteza umeme kidogo zaidi zikikaa, hazimwagi tindikali, hazimtaki mwenye gari kununua maji yaliyotoneshwa. Ila zilimnyima fundi haidromita, na pamoja na haidromita zikamnyima ushahidi wa vyumba sita. Aliyekuwa akisoma betri akawa anaipima juu kwa juu, na kutoka kupima mpaka kuibadilisha pakawa hatua moja.

Na betri inayobadilishwa bila sababu haipotei duniani. Risasi yake huuzwa kwa kilo na kuyeyushwa, na mahali inapoyeyushwa bila hadhari watu hudhurika. Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, wanalijua hilo kwa miili yao: kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba zao tangu 2007 hadi 2014, risasi ikaonekana katika damu ya watoto, na Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, akaongoza madai yaliyomletea Tuzo ya Goldman mwaka 2015 na kuwaletea wakazi hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Sidai kwamba fundi mmoja mwenye haraka ndiye aliyeyaleta hayo. Lakini kila betri nzima inayohukumiwa kufa kwa sababu ya rilei iliyokwama huongeza mzigo katika njia hiyo hiyo, na mwenye gari hulipa mara mbili, kwa kuwa betri mpya nayo itaibiwa na mwizi yule yule.

Mafundi wa sasa walio hodari wameirekebisha taa ya zamani kwa kadiri ya gari jipya. Kung'oa fyuzi katika gari la tarakilishi huziamsha tarakilishi zilizolala, na zikiamka hula ampea kadhaa, hata mpimaji akaona uvujaji alioufanya mwenyewe. Kwa hiyo hufungua mlango na boneti, hulaghai vitasa kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa, husubiri nusu saa au saa nzima, kisha bila kung'oa kitu huweka ncha mbili za mita juu ya vijichuma vidogo vinavyochungulia mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sufuri; inayopitisha husoma sehemu ndogo mno ya volti, na hiyo ndiyo njia ya kufuatwa. Na baada ya mwizi kupatikana bado kazi haijatimia, maana betri iliyokauka umeme mara kwa mara hujenga utando mgumu wa salfeti juu ya mabamba yake. Hutolewa, huchajiwa polepole usiku mzima, huachwa ipoe saa kadhaa bila kufungwa kwenye kitu, ndipo isomwe: ikisimama kwenye volti 12.6 au karibu yake, na isipoanguka sana inapopigwa stata, hurudishwa garini. Ikishuka yenyewe mpaka 12.2 au chini, hapo ndipo neno la kununua nyingine lina haki ya kutamkwa. Gari hulazwa usiku mmoja zaidi kwa fundi, na asubuhi volti hupimwa kabla funguo haijaingizwa.